Lawama ya Sekunde Tatu

Ndugu msomaji, huenda umewahi kusimama kando ya uwanja wa netiboli, labda siku ya michezo ya Mei Mosi au katika bonanza la ofisini kwako, ukamwona mchezaji aliyeshika mpira akigeuka huku na huku kama mama aliyepotelewa na mtoto sokoni, hata refa akapiga filimbi na mpira wakapewa wapinzani. Nina hakika ulimlaumu mchezaji huyo. Watazamaji wote humlaumu, maana macho yao huufuata mpira, na mpira umo mikononi mwake. Leo nataka kukuomba uyaondoe macho yako kwenye mpira kwa muda, uwatazame wale wasio nao. Kosa, iwapo lipo, aghalabu huanzia kwao. Ninayo sababu ya kulisema jambo hili, nayo si ya michezo peke yake. Inamhusu ndugu yangu wa damu, na neno moja ambalo nililimeza kwa muda unaozidi miaka 20.

Kwetu ni Bagamoyo. Nyumba ya wazazi wangu iko upande wa Dunda, mahali ambapo ukitoka uani asubuhi unaweza kujua kwa pua tu kama mashua zimerudi na samaki au zimerudi tupu. Mama alikuwa akinunua samaki katika mnada wa pwani, akiwakaanga mchana na kuwauza jioni. Katika nyumba hiyo tulilelewa wasichana wawili: mimi, na binti wa mama yangu mkubwa, ambaye alinizidi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kwa desturi yetu huyo si binamu, ni dada, nami mpaka leo namwita Dada pasipo kulitaja jina lake. Tulilala kitanda kimoja, tukapelekwa shule moja, na tulipofika sekondari tukaingia katika timu moja ya netiboli. Yeye alikuwa senta, mimi nilikuwa winga mshambuliaji.

Kwa wale ambao hawajapata kuucheza mchezo huu, na hasa akina baba ambao Jumamosi yao nzima huishia kwa Simba na Yanga, sina budi kueleza kidogo. Netiboli ilizaliwa Uingereza katika miaka ya 1890 kutokana na mpira wa kikapu wa Wamarekani, ikaja huku kwetu pamoja na shule za wasichana za wakati wa ukoloni. Kanuni zake za mataifa yote zilipatanishwa mwaka 1960 katika mkutano uliofanyika Ceylon, nchi ambayo sasa ni Sri Lanka. Kila upande una wachezaji saba. Uwanja una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, nao umegawanywa katika theluthi tatu. Pete iko juu mita 3.05, wala haina ubao nyuma yake wa kuusaidia mpira uliopotoka.

Lakini kanuni ambazo ndizo roho ya mchezo ni hizi. Aliyeushika mpira haruhusiwi kukimbia nao. Haruhusiwi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Mpira hauruhusiwi kuvuka theluthi nzima ya uwanja bila ya kuguswa na mtu, na kwa hiyo senta hawezi kuutupa moja kwa moja kutoka upande wa walinzi wake hadi kwa mfungaji. Lazima apatikane wa kupokea katikati. Mkabaji naye hana ruhusa ya kukugusa wala kukusukuma, na ukisha kuushika mpira lazima akae mbali nawe futi tatu, yaani kiasi cha sentimita 90.

Hebu ziweke kanuni hizo pamoja, msomaji, uone zinazaa nini. Yule mwenye mpira, ambaye sote tunamtazama na kumpigia kelele, ndiye mtu aliyefungwa kuliko wote uwanjani. Hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na muda unamwishia. Wenye uhuru ni wale wengine. Kazi ya kufungua njia ni yao, nayo ni lazima ifanyike kabla mpira haujatoka mkononi mwake, pasipo kumgusa mtu, na mbele ya mkabaji ambaye kazi yake nzima ni kuhakikisha kwamba hawapati nafasi hiyo.

(Mwalimu wetu wa michezo alipata taabu ya kutafuta neno la kazi hiyo. Siku moja, mbele ya wazazi waliokuja kutazama mazoezi, alitupigia kelele: “Jifungueni, wasichana! Mbona hamjifungui?” Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha mwembe akamjibu kwamba wakati wao bado, na kwanza waolewe. Tangu siku ile mwalimu akasema “jitoeni”, nami nitatumia neno hilo hilo hapa.)

Mwaka 2004, nikiwa na umri wa miaka 15, timu yetu ilifika mchezo wa mwisho katika mashindano ambayo kutokana nayo wangechaguliwa wachezaji wa kwenda mbele. Nilikabwa siku ile na msichana mwembamba, mkimya, mwenye miguu mirefu kama ya korongo. Katika robo tatu za mwanzo nilifanikiwa kwa sababu nilikuwa na mbio kumshinda. Robo ya nne ilipofika nilikuwa nimechoka, naye alikuwa amekwisha kunisoma.

Nitakwambia waziwazi nilichokuwa nikikifanya. Nilikuwa nikisimama. Nilinyoosha mkono juu, nikamkazia macho Dada, nikapiga kelele, “Hapa! Hapa!” Mkono wangu ulikuwa huru na sauti yangu ilikuwa huru, lakini baina yangu na Dada alikuwapo yule korongo, naye alikuwa akingoja tu mpira utupwe ili auchukue. Dada aliliona hilo. Alingoja nijitoe, nami sikujitoa. Akamtazama mfungaji msaidizi, naye amefunikwa. Na sekunde tatu si nyingi. Filimbi ikapigwa. Katika robo ile peke yake ilipigwa mara tatu kwa kosa hilo hilo, na mara ya tatu wapinzani walikwenda kufunga. Tulishindwa kwa 19 dhidi ya 18.

Tulirudi katika lori la kukodi, tumekaa juu ya mabenchi ya shule. Mwalimu alisimama akishikilia chuma cha turubai, akasema mbele ya timu nzima kwamba Dada ni mchoyo, kwamba mtu anayetaka kuonekana yeye peke yake hafai kuwa senta. “Mwenzako alikuwa anakuita,” alisema. “Hapa, hapa, sote tumemsikia. Ulikuwa unangoja nini?” Dada hakujibu. Wasichana wote wakageuka kunitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiita, na mimi ndiye niliyeweza kusema kama kweli nilikuwa wazi. Nikainama, nikaanza kufungua kamba za viatu vyangu. Nilizifungua taratibu sana, nikazifunga tena.

Jumatatu iliyofuata orodha ya waliochaguliwa ilibandikwa ukutani. Jina langu lilikuwamo, jina la Dada halikuwamo. Hakuwahi kuvaa tena fulana ya netiboli. Sitaki kutia chumvi, msomaji. Sisemi kwamba maisha yake yalipinda kwa sababu ya siku ile moja. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza cherehani, akaolewa, akapata watoto watatu, na leo mafundi wawili wanafanya kazi chini yake. Mimi nilikwenda chuo cha uandishi wa habari, nikapata stashahada yangu, nikaajiriwa kuandika habari za watu wengine. Tulibaki ndugu. Tulipeana vitenge na tulizikana wazee. Ila netiboli hatukuizungumza kamwe, na kila mazungumzo yalipoelekea huko mmoja wetu alikumbuka jambo jikoni.

Miezi michache iliyopita ofisi yetu ilialikwa katika bonanza la wafanyakazi. Senta wetu aliumia kifundo cha mguu siku mbili kabla, na kwa kuwa niliwahi kujigamba kwamba nimecheza shuleni, nikavishwa fulana yake. Sikuwahi kuwa senta hata siku moja. Nilipoudaka mpira kwa mara ya kwanza nikainua macho, nikawaona wenzangu wametawanyika mbele yangu. Kila mmoja amesimama na kila mmoja amenyoosha mkono. Wote walikuwa wakipiga kelele, “Hapa! Hapa!” na hakuna hata mmoja aliyekuwa wazi. Filimbi ikapigwa. Bibi mmoja wa idara ya uhasibu, mtu mwema kabisa, akaniambia kwa hasira, “Mwandishi, mbona unatuchelewesha? Nilikuwa nakuita!”

Nilikuwa na miaka 36, nikiwa nimesimama katikati ya uwanja wa watu mashuhuri kwa matumbo, na koo likanikaba kama mtoto. Wiki iliyofuata nikaenda Bagamoyo.

Safari ya kwenda kwetu si ndefu. Ni kiasi cha kilomita 70 tu kutoka Dar es Salaam. Zamani tulikuwa tukipandia magari Mwenge, siku hizi hupandia Makumbusho. Ukisha kuvuka Tegeta, upande wa kulia kuelekea baharini ndiko iliko Mbweni, ambako jina lake tu humtisha mchezaji yeyote wa netiboli wa nchi hii kwa sababu ya mabinti wa JKT Mbweni. Niliwahi kuwatazama wakicheza. Jambo lililonishangaza halikuwa nguvu zao. Lilikuwa ule utulivu: mchezaji hupokea mpira akiwa peke yake, kana kwamba mkabaji wake amekwenda kunywa maji, nawe huelewi ni saa ngapi alimwacha. Kisha Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, na minazi inaanza kuonekana, na abiria wanaanza kuzungumza kwa lafudhi ya nyumbani.

Nilifika saa nne asubuhi. Ilikuwa siku ya bamvua, na bahari ilikuwa imekupwa hata ngalawa zimelala ubavu mbali kabisa na maji. Watoto wa Bagamoyo wanaujua uwanja huo. Hutandazwa na bahari yenyewe na hukunjwa nayo baada ya saa chache. Nyumbani waliniambia Dada yuko pwani na binti yake wa pili, mwenye umri wa miaka 13. Niliwakuta wakiwa na mpira wa netiboli uliochakaa. Dada, fundi cherehani ambaye hakuugusa mchezo huo kwa miaka 20, alikuwa amefunga kanga kiunoni na amechora mistari mchangani kwa kisigino.

Hakunieleza kitu. Alinisalimu, akaniuliza hali ya watoto, akaendelea. Nikakaa juu ya ngalawa, nikatazama, na katika muda ule nilijifunza mengi kuliko niliyofundishwa katika miaka yangu yote ya kuvaa fulana.

Msichana alikuwa akifanya kama mimi: alikimbia kwa nguvu zake zote kwenda mbali na mama yake, na mama yake alimfuata tu. “Usinikimbie,” Dada alimwambia. “Nijie.” Ajabu, sivyo? Mtu anayetaka kumwacha mwenzake anaambiwa amwendee. Lakini hesabu yake ni sahihi. Ukiwa mbali na mkabaji, hata ukigeuka vizuri namna gani, anao muda wa kukuona na kukufuata. Ukimwendea hadi begani pake, kama mtu anayetaka kupita upande wake wa kushoto, hana budi kufanya uamuzi, nao lazima aufanye kwa mwili mzima: hugeuza kiuno chake kuulinda upande ule. Akisha kugeuza kiuno, kurudi upande wa pili kunamtaka asimame, ageuke upya, aanze mbio upya. Wewe wakati huo umekwisha kuondoka.

“Tazama kiuno changu,” Dada alisema. “Usitazame macho. Macho yangu naweza kuyapeleka ninakotaka.”

Wataalamu wa mwili wa binadamu wanasema kwamba kati ya jicho kuona na mguu kuitika hupita kiasi cha sehemu moja ya tano ya sekunde, au zaidi. Hakuna mazoezi yanayoweza kuliondoa pengo hilo. Basi chukua mchezaji anayekwenda mita tano kwa sekunde, mwendo ambao binti yeyote mwenye afya anauweza: katika muda huo ambao mkabaji bado hajaitika, huyo amekwisha kwenda mita moja nzima. Mita moja ndiyo nafasi ya kudakia mpira. Kumbe anayejitoa hahitaji kuwa na mbio kumshinda mkabaji wake. Anahitaji kuwa wa kwanza kujua anakokwenda.

Ndiyo maana Dada hakumtaka binti yake akimbie kwa nguvu zake zote tangu mwanzo. Mwenye kukimbia hivyo amekwisha kutumia fedha zake zote, hana akiba ya kumshtulia mtu. Alimtaka aje kwa mwendo wa wastani, mwendo wa kumzoeza mkabaji, halafu hatua mbili fupi za kushusha mwili, na hapo ndipo achomoke. Zile hatua fupi ndizo ngumu. Juu ya saruji unaweza kuutupa mguu wa nje na kugeuka kwa jeuri, kwa sababu saruji hukushika. Mchanga haukushiki. Ukigeuka ukiwa umesimama wima unateleza na kula mchanga, kama alivyokula yule mtoto mara nne nikihesabu. Lakini ukiinama, ukapunguza hatua, ukauweka mguu chini ya mwili wako, mchanga unakubali. Niliwaza kwamba wale tuliojifunzia pwani tulikuwa na mwalimu aliyekuwa chini ya nyayo zetu, nasi hatukumsikiliza.

Palikuwapo pia suala la mahali pa kuanzia. Mkabaji ana macho mawili, yote yakiwa mbele ya uso. Hana budi kuuona mpira na kukuona wewe. Ukisimama mbele yake anakuona bila taabu. Ukisogea nyuma ya bega lake, vitu hivyo viwili vinakuwa pande mbili tofauti, naye atalazimika kugeuza kichwa huku na huku. Mara tu kichwa kinapogeukia mpira, huo ndio wakati wako. “Nikigeuka umekwenda,” Dada alikuwa akisema, akigeuza kichwa ghafla. “Umekwenda? Hujakwenda. Tena.”

Nilipokuwa nikitazama nilikumbuka mchezo mwingine wa mbali kabisa. Katika zamu za usiku za chumba cha habari, magazeti yakisha kwenda mitamboni, wapo wenzangu wanaofungua televisheni na kutazama mpira wa Wamarekani, ule wa kofia za chuma, ambao nao hudakwa kwa mikono. Wana wachezaji ambao kazi yao ni kupokea tu, na walinzi ambao kazi yao ni kuwafuata hao. Tangu mwaka 1978 ligi yao kubwa imemkataza mlinzi kumzuia mpokeaji kwa mwili baada ya yadi tano za mwanzo, na tangu hapo mchezo umekuwa mashindano ya miguu na hila. Mmoja wao, Jerry Rice, mtoto wa mwashi wa Mississippi, ambaye utotoni alikuwa akidaka matofali anayorushiwa ili amsaidie baba yake, ndiye aliyepata umbali mkubwa kuliko wote kwa kupokea mpira katika historia ya ligi hiyo: yadi 22,895, ambazo ni karibu kilomita 21. Wala hakuhesabiwa miongoni mwa wenye mbio kuliko wote. Sifa yake ilikuwa kugeuka pale pale alipopanga kugeuka.

Na hapa Afrika Mashariki tunao mfano wa namna nyingine. Waganda, ambao timu yao ya taifa ya netiboli ilikuwa ya tano duniani katika Kombe la Dunia lililochezwa Cape Town mwaka 2023, wamewatoa wafungaji warefu kama Peace Proscovia na Mary Cholhok. Mfungaji wa aina hiyo hahitaji kukimbia sana. Humweka mkabaji mgongoni, akaishika nafasi kwa miguu na makalio, akangoja mpira wa juu. Hiyo nayo ni njia, lakini urefu hununuliwi dukani, na sisi wa familia yetu tunafikia kwenye kitasa cha mlango.

Ilipokaribia saa saba maji yalianza kurudi. Mtoto alikwenda kutia miguu baharini, Dada akaja kukaa kando yangu juu ya ngalawa akijipangusa kwa kanga. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Makumbusho, kwa ufasaha wote wa mtu anayelipwa kwa kuandika. Yote yakanitoka. Nikasema tu, “Dada, siku ile sikuwa wazi.”

Hakuniuliza siku ipi.

“Nilijua,” alisema. “Nilikuwa nakuona miguu. Ilikuwa imepandwa kama minazi.”

“Mbona hukusema?”

“Nimwambie nani? Aliyeulizwa ulikuwa wewe.”

Tulinyamaza. Jahazi moja lilikuwa likipita mbali, likielekea Unguja, tanga limejaa upepo. Baadaye akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema amelifikiri miaka mingi akiwa kwenye cherehani, kazi ambayo huipa akili nafasi, na kwamba yeye pia alikosa. Alikuwa akingoja nijitoe kwanza ndipo autupe mpira. Senta anayengoja hivyo amekwisha kuchelewa, kwa kuwa ile nafasi ya mita moja hudumu kwa muda mfupi mno; mpira ukiondoka baada ya nafasi kuonekana, unafika wakati imekwisha kufungwa. Mpira hutupwa mahali ambapo mwenzako atakuwapo, si mahali alipo. Senta anatakiwa kuusoma mwili wa winga wake, na pale winga anaposhusha mwili kwa zile hatua mbili fupi, mpira uanze kutoka mkononi.

“Na hilo halifanyiki ila uwe unamwamini kwamba atakwenda,” alisema. “Mimi nilikuwa sikuamini. Ulikuwa umechoka, nikaona bora filimbi kuliko kunyang’anywa. Kwa hiyo kosa la uwanjani tugawane nusu kwa nusu.” Akaikunja kanga yake, akaiweka mapajani. “La kwenye lori ni lako.”

Nilimwambia ni kweli, ni langu. Nilimwomba radhi. Hakusema kwamba amenisamehe, wala hakusema kwamba hajanisamehe. Aliniuliza kama bado nina viatu vya michezo. Nikamwambia nimevaa ndala. “Basi vua,” akasema, akampigia binti yake mluzi.

Mistari ya upande wa bahari ilikuwa imeanza kufutika. Dada alisimama katika duara dogo alilolichora, mpira mikononi. Mimi nikawekwa kuwa mkabaji wa mtoto. Nilijiambia kwamba nayajua yote, kwamba nimetazama asubuhi nzima, kwamba sitageuza kiuno. Msichana akanijia polepole, uso umekunjamana kwa bidii, akiwa amelenga bega langu la kushoto. Alikuja mpaka nikahisi pumzi yake. Nikasema moyoni, huyu sasa anapita kushoto kweli.

Nilipogeuka kurudi kulia nilimwona yuko hatua mbili mbele yangu, mikono wazi, mawimbi yakimgusa visigino. Mpira ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwa Dada, uko hewani.